Athari Zetu Ardhini



Ndugu zangu vijana, wazazi wetu, na wewe msomaji uliye nyumbani unangojea adhana ya Maghrib. Mada hii niliitoa mbele ya vijana wenzangu baada ya futari, na wahariri wakaniomba niiandike ili iwafikie na wale ambao hawakuhudhuria. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Pakiwa na kosa ni langu, na pakiwa na faida shukrani ni za Mwenyezi Mungu.

Amma baad.

Nianze na neno moja. Sisi sote tuliopita madrasa tumeisoma Suratu Yasin mpaka ikakaa kifuani. Ndani yake, katika aya ya 12, limo neno aathaar. Ustadh wetu alitufundisha maana yake: nyayo, alama, kile anachokiacha mtu nyuma yake akishaondoka. Nasi Waswahili tumelichukua, tunasema athari. Sasa nilipofika chuo kikuu kusoma jiografia, nikaja kujua kwamba Waarabu wanaiita elimu ya kuchimbua mambo ya kale kwa neno hilo hilo: ilmul-aathaar. Nilicheka peke yangu. Kumbe somo hili nililianza nikiwa na miaka 8, nimeketi juu ya mkeka.

Basi mada yetu ni hiyo. Watu wa kale waliigeuza vipi ardhi, mpaka leo sisi tukiitazama twadhani iliumbwa vile vile ilivyo? Na mwisho nitawaambia kwa nini jambo hili limenigusa, kwa sababu kwetu sisi limekuja mpaka mlangoni.

Maboma ya Narok

Mwaka wa pili chuoni tulipelekwa ziara ya masomo upande wa Narok. Mimi ni mtoto wa pwani, mbuga nilikuwa nikiziona kwenye kalenda tu. Tulisimama juu ya kilima. Chini yetu kulikuwa na vichaka na miti, na katikati ya vichaka kuna mahali pa nyasi tupu, pa mviringo, pa kijani kuliko pengine pote. Pundamilia na swala wamejaa pale pale, kwengineko huoni hata mmoja. Mwalimu akatuuliza, "Nani aliyefyeka hapa?" Tukajibu hakuna, ni maumbile. Mmoja akasema labda ni moto, mwengine akasema ndovu. Mwalimu akatabasamu, akasema, "Pengine ni ng'ombe. Na wamekufa zamani sana."

Hebu sikiliza maelezo yake. Mifugo ilifika kaskazini mwa Kenya, upande wa Ziwa Turkana, yapata miaka 5,000 iliyopita. Baadaye wafugaji wakashuka polepole kuja kusini, wakafika nyanda za Narok na ng'ombe wao, mbuzi na kondoo. Mchana mifugo ilikula mbali, huku na kule. Usiku ilirudishwa bomani kwa kuogopa simba. Sasa fanya hesabu mwenyewe: kila siku nguvu ya majani ya eneo kubwa inakusanywa, inakuja kumwagwa mahali padogo, kwa njia ya samadi. Leo, kesho, mwezi, mwaka. Halafu watu wanahama. Miba ya boma inaoza, vibanda vinaanguka, samadi inabaki.

Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Profesa Fiona Marshall, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Walichunguza mahali 5 huko Narok palipokaliwa na wafugaji wa kale, pa umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Udongo wa sehemu zile kwa asili yake ni hafifu. Lakini ndani ya yale maboma walikuta udongo una fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko udongo wa kandokando. Kumbuka ni samadi ya maelfu ya miaka hii! Na duara moja la nyasi huweza kuwa na upana wa mita 100 hivi.

Utauliza, mbona nguvu ile haikuisha? Jawabu ni kwamba nyasi nzuri huwaita wanyama wa porini. Wanyama wakija, hula na huacha samadi yao. Samadi hiyo hulisha nyasi, na nyasi huwaita wanyama tena. Mfugaji aliuanzisha mduara, akaenda zake, mduara ukaendelea kuzunguka bila yeye. Leo mtalii anatoka Ulaya kuja kupiga picha ya pundamilia kwenye nyika ambayo haijaguswa na mtu, kumbe yule pundamilia amesimama ndani ya zizi la mtu.

Majina ya wafugaji wale yamepotea, hata makaburi yao mengi hayana alama. Lakini boma lao lingali linalisha viumbe. Mimi pale kilimani nilinyamaza kimya. Nilijiuliza, mimi nikiondoka nitakuwa nimelisha nini?

Ila pana sharti moja usilisahau. Walihama. Boma lisilohama miaka na miaka hugeuka vumbi, kila mtu aliyeishi na mifugo analijua hilo. Baraka ile haikuja kwa kukaa tu. Ilikuja kwa kukaa, halafu kuipa ardhi nafasi ipumue.

Mji uliomezwa na msitu

Tuje sasa kwetu pwani. Wengi wenu mmekwenda Gede na shule. Mlikimbizana kwenye magofu, mkala mkate chini ya mbuyu, mkarudi. Mimi pia. Lakini je, mliutazama ule msitu?

Gede ulikuwa mji wa Waislamu, wenye msikiti mkubwa wa Ijumaa, jumba la mtawala, visima, vyoo na kuta mbili za kuuzunguka. Kuna kaburi lililoandikwa tarehe yake ya Kiislamu, mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Vigae vya sahani za Kichina vimeokotwa mle. Mji uliachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, miongoni mwake vita na uvamizi, na maji ya visima kuzidi kushuka. James Kirkman alipoanza kuchimbua mwaka 1948, ilibidi kwanza akate miti ndipo aone nyumba. Na mwezi wa Julai 2024 Gede imeingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO.

Sasa tazama kisa kilivyo. Kujenga mji ule kulitaka mawe ya matumbawe, na kulitaka chokaa. Chokaa ni nini? Ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Kwa hiyo kila ukuta uliopakwa lipu ni miti iliyokatwa. Watu wa Gede waliurudisha nyuma msitu ili waishi. Walipoondoka, msitu ukarudi hatua kwa hatua, ukapanda juu ya paa, ukaingia msikitini. Mizizi imekumbatia kuta zile zile zilizojengwa kwa kuni zake. Mgeni atakwambia huu ni msitu wa asili. Si uongo, ni msitu. Lakini chini yake kuna vibaraza, na kuna njia walizopita watoto kwenda chuoni na mbao zao za kuandikia.

Majirani zetu Wamijikenda nao wana kisa kinachofanana na hiki, ila wao walikifanya kwa makusudi. Kuanzia karne ya 16 walijenga vijiji vyenye maboma katikati ya misitu, ndizo kaya. Kufikia miaka ya 1940 vilikuwa vimeachwa. Lakini wazee hawakuacha kuzilinda: kukata miti ovyo ndani yake ni mwiko. Leo, kwengine kukiwa kumefyekwa, kaya zinasimama peke yake kama visiwa vya miti. Baadhi ya misitu hiyo iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008. Itikadi zetu na zao si moja, kila mtu ana dini yake. Lakini tukubali haki: wao wameilinda misitu yao, na mvua na kivuli chake hakiulizi dini ya mtu.

Bonde la Maarib

Mfano wa tatu mnaujua, maana umetajwa katika Suratu Saba. Ni ule wa watu wa Saba, kule Yemen, bustani zao na mafuriko yaliyowafika. Tulipokuwa wadogo tulikisikiliza kama kisa. Nataka ujue kuwa mahali penyewe papo, na mtu akienda anapaona.

Karibu na mji wa Maarib linapita bonde ambalo mwaka mzima ni kavu, isipokuwa msimu wa mvua za milimani, maji hushuka kwa kishindo. Watu wa Saba walijenga ukuta wa udongo na mawe wa kiasi cha mita 600, kutoka ukingo hadi ukingo, wenye milango ya kugawa maji pande mbili. Hawakukusudia kuhifadhi maji kama ziwa. Walikusudia kuyainua na kuyapeleka mashambani, hekta zipatazo 9,600. Maji yalikuja na matope, na matope yakawa ndio udongo wa mashamba yenyewe. Karne kwa karne yaliongezeka, sehemu nyingine yakapita kina cha mita 10. Yaani ardhi ile ya kulimwa, jangwani, ilitengenezwa na mkono wa binadamu.

Lakini kadiri matope yalivyopanda, ndivyo mashamba yalivyopanda, na ukuta nao ukalazimika kuinuliwa. Kazi haina mwisho hiyo. Inataka watu wakae pamoja, washirikiane, wasichoke. Ukuta ulibomoka, ukatengenezwa, ukabomoka tena. Abraha, yule yule tunayemsoma katika kisa cha ndovu, aliacha maandishi kwenye jiwe kueleza alivyoukarabati katika miaka ya 540. Haikupita miaka mingi baada yake ukabomoka moja kwa moja. Watu wakatawanyika. Leo milango ya mawe ingali imesimama, na yale matope ya mashamba yamekatwakatwa na upepo. Bwawa jipya limejengwa juu ya bonde hilo mwaka 1986.

Ukiweka Narok na Maarib pamoja utaona jambo. Wafugaji waliacha kitu kinachojiendesha. Watu wa Saba waliacha kitu kinachohitaji mkono kila mwaka, na mkono ulipolegea kikaanguka. Zote ni athari, lakini si sawa.

Timbo la kwetu

Sasa nifike nilikoahidi. Hapa nilipokuwa nikizungumza sauti ilinitetemeka kidogo, waliokuwepo ni mashahidi.

Kwetu tuna shamba la ekari 3 katika kaunti ya Kilifi, alilotuachia babu. Lina minazi, lina miembe mikubwa, lina kisima cha zamani, na pembeni ya kisima kuna kipande cha ukuta ambacho wazee husema ulikuwa msikiti. Chini ya udongo ni matumbawe matupu. Na nyinyi mnajua siku hizi matumbawe ni nini. Ni pesa. Kila mahali wanachonga matofali.

Mwaka niliokuwa naingia mwaka wa tatu, karo yangu ilikuwa haijatimia. Akaja mtu anataka kukodi shamba apige timbo. Tukakaa kikao baada ya taraweh, ami zangu wawili, mama, nyanya na mimi. Mimi nilikuja na daftari langu, nimejaa Narok na Gede. Nikaanza kuwahutubia: ardhi ni amana, udongo huu umechukua miaka mingapi kutengenezeka, na kadhalika. Ami yangu mkubwa alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza taratibu tu, "Na hiyo elimu unayotusomea, mwanangu, inalipwa na nini?"

Sikuwa na jawabu. Wallahi sikuwa nalo.

Nyanya ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Wapeni ekari moja ya juu. Kisima, miembe na ule ukuta, asikaribie mtu." Basi ikawa hivyo. Timbo likapigwa, pesa zikaja, karo ikalipwa. Hii kalamu ninayoandikia imetoka ndani ya shimo lile.

Nilikwenda kulitazama likizo iliyofuata. Shimo linakwenda chini urefu wa watu wawili, kuta zake nyeupe, chini kumetuama maji ya mvua na mbu. Ule udongo wa juu, mweusi, wa majani ya miembe ya miaka yote ya babu, ulikuwa umesukumwa kando na mvua imeuchukua. Hakuna aliyemwambia mchimbaji autenge. Si ami, si nyanya, na si mimi mwenye daftari. Nilikuwa najua umuhimu wake kuliko wote kikaoni, na nilipoambiwa neno moja la karo nikanyamaza mpaka mwisho. Kosa langu liko hapo. Kukubali timbo kulikuwa na dharura. Kunyamaza hakukuwa na dharura yoyote.

Nikaanza kuuliza watu, shimo kama hili latibiwa vipi? Nikaelekezwa Mombasa, Bamburi. Pale kulichimbwa matumbawe ya kutengenezea saruji tangu miaka ya 1950, pakabaki uwanja wa mawe, jua linawaka juu na maji ya chumvi chini. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, Rene Haller, alianza kujaribu miti mbalimbali. Mingi ilikufa. Mvinje ukashika. Majani yake magumu yalipodondoka hayakuoza kwa urahisi, mpaka majongoo yalipoletwa yakawa yanayala, na kinyesi chao kikawa ndio mwanzo wa udongo. Jongoo! Huyu huyu tunayemruka tukimwona njiani. Leo mahali pale ni bustani ya miti na wanyama inayoitwa Haller Park, na mtoto anayecheza pale hawezi kudhani palikuwa mawe matupu.

Basi nami nikapata miche 40 ya mivinje, nikaipanda ndani ya timbo. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekuwa akiimwagia maji mimi nikiwa chuoni. 17 imeshika. Si mingi. Lakini mwaka jana ami yangu yule yule alinipigia simu, akaniambia amemuona ndege amejenga kiota kwenye mmoja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lete miche mingine."

Tuchukue nini?

Ndugu msomaji, usiku unakwenda na wengine mna swala. Nitaje mambo manne tu.

Kwanza, tusiiangalie ardhi kana kwamba haina wenyewe. Kila unapokanyaga kuna aliyetangulia. Ukiona pana rutuba, jiulize nani aliitia. Ukiona jangwa, jiulize pia.

Pili, athari haitokani na tendo kubwa. Samadi ya usiku mmoja si kitu. Ni usiku baada ya usiku. Na uchafu nao ni hivyo hivyo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, lakini chupa na vikombe tunavyotupa baada ya kufuturu uwanjani vimebaki. Siku moja, mbili, thelathini. Mwenye kuchimbua baada yetu atatukuta na nini? Tusije tukajulikana kuwa ni watu waliofunga vizuri wakafuturu vibaya.

Tatu, ikibidi kuchimba, tuchimbe kwa akili. Ukikodisha shamba kwa timbo, andikianeni. Udongo wa juu utengwe kabla ya jiwe la kwanza kukatwa. Mkubaliane nani atapanda, na atapanda lini. Haya si maneno ya chuoni, ni hasara niliyoiona kwa macho yangu. Na ukiwa kikaoni nawe unajua, sema. Hata ukiwa mdogo wa wote. Hata ukiwa wewe ndiye unayelipiwa karo.

Nne, tupande. Mafundisho ya kupanda mti na thawabu zake mmeyasikia tangu madrasa, sina haja ya kuwarudishia. Nawaomba tu kila mmoja wetu atafute mahali pamoja palipoharibiwa, pa kwake au pa jirani kwa idhini yake, aweke mche mmoja kabla ya Idd, na aahidi kuumwagilia maji mpaka Ramadhan ijayo. Kupanda ni dakika tano. Kazi ni yale maji.

Wale wafugaji wa Narok hawakujua kuwa sisi tutawataja usiku wa Ramadhan, baada ya miaka 3,000. Walikuwa wanalaza ng'ombe tu. Nasi hatujui ni lipi katika tunayoyafanya leo litakalobaki. Tumuombe Mwenyezi Mungu liwe la kulisha, lisiwe shimo. Na palipo shimo, atupe umri na nguvu za kulijaza.

Atakabalie saumu zetu na zenu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.